Ufunguo Uliokuwa Mfukoni Mwangu

Rosettenville,
Jumapili jioni

Furaha mwanangu,

Nimekaa kitandani kwako kwa sababu hiki ndicho chumba pekee ambacho mama yako hajakijaza mabegi. Nawasikia jikoni mnabishana kuhusu sufuria. Yeye anataka uende nayo, wewe unasema Durban nako kuna maduka. Sitaingilia. Mambo ya kula, ya kuvaa, ya kufunga milango na ya kutafuta kanisa amekwisha kukuambia, na yaliyobaki atakuambia kesho njiani. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka kumi na mitano.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua utasoma polepole, ukisogeza midomo, kama ulivyokuwa ukisoma Biblia ya mama yako. Ningejaribu Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni cha kazini. Kinajua kusema panda, shuka na simama. Jambo hili halitoshi humo.

Hadithi ya siku niliyomshusha Mzee Shabani unaijua. Ulikuwa na miaka sita ilipotokea, na tangu hapo umeisikia mezani, umeisikia kanisani, umeisikia ikisimuliwa kwa kila mgeni aliyefika kwetu kutoka Bukavu. Shabani amebanwa juu kwenye kikapu cha mashine, watu wanapiga kelele, hakuna anayejua la kufanya, kisha papa yako anakuja mbio, anageuza ufunguo, anamshusha akiwa hai. Hapo wageni hutikisa vichwa na kusema Mungu ni mkubwa. Mwezi uliopita, kwenye ibada yako ya shukrani, ulisimama mbele ukasema kwamba ulisomea ufundi wa mashine za kunyanyua watu kwa sababu ya siku ile. Ulisema ulitaka kuwa mtu anayejua la kufanya. Kanisa zima likanigeukia. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Furaha, hadithi ile tumekuwa tukiianza katikati.

Mzee Shabani alikuwa mtu wa Kigoma. Nilimkuta Jeppestown, kwenye yadi ya mashine, nilipoacha kulinda mlango wa duka Fordsburg. Siku hizo nilikuwa nalala chumba kimoja na wanaume wanne, wewe na mama yako bado mko Bukavu mnangoja niwaite. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na alipenda kunicheka ninavyozungumza. Nikisema, "Niko nakuja, Muzee," ananijibu, "Uko, au unakuja? Chagua moja." Kiswahili hiki unachokisoma, nusu yake ni chake.

Kazi yetu ilikuwa ile mashine ya mkono mrefu wenye kikapu mwishoni, ambayo kila mtu Joburg anaiita cheripika. Yeye alipanda kwenye kikapu kubadilisha taa na kuziba mapaa. Mimi nilikuwa mtu wa chini. Leo wewe unaijua mashine hiyo kuliko mimi, umeifungua mpaka matumbo, lakini niache niiseme alivyonifundisha yeye.

"Ombeni," aliniambia siku ya kwanza, "mimi huku juu nina vitufe vyangu, na wewe hapo chini una vyako. Vyako vina nguvu kuliko vyangu. Nikizimia, nikibanwa, mkono wako ndio utakaonirudisha kwa mke wangu. Kwa hiyo wewe huna kazi nyingine. Ukichoka kunitazama, nishushe kwanza, halafu uende unakotaka."

Akanionyesha ufunguo kwenye shina la mashine: ukiugeuza upande huu, amri inakwenda kikapuni; ukiugeuza upande ule, amri inarudi kwako. Akanionyesha kitufe chekundu cha kuzima kila kitu. Akanionyesha swichi ya pampu ya dharura, ile inayotumia betri injini ikifa, inayonguruma kidogo na kushusha polepole mno. Kisha akanifunga macho kwa skafu yake ya shingoni, akaniambia nivitafute kwa vidole, kimoja kimoja, nikivitaja. Nilipokosea tulianza upya. Tulifanya hivyo kila Jumatatu.

"Na ufunguo unakaa hapa," alisema. "Hautoki. Hata Rais akija kuuomba, hautoki."

Tulifanya kazi hivyo zaidi ya mwaka. Mkaja, wewe na mama yako, tukahamia huku Rosettenville. Kwenye picha ya siku yako ya kwanza ya shule, yule mwanaume aliyeshika begi lako ni yeye.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye ghala moja kubwa mashariki ya mji, tukibadilisha taa za darini. Ilikuwa majira ya baridi, milango ya ghala imeachwa wazi ili malori yaingie. Siku mbili kabla, dereva wa fokolifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, alipita karibu na mashine yetu na kwa ujinga wake akauchezea ufunguo, Shabani akakwama juu kwa muda, akitukana. Mimi nikajiona mwerevu. Nikaanza kuuchomoa ufunguo baada ya kuugeuzia kikapuni, maana mashine inaendelea kufanya kazi hata ukiutoa, nikawa nautia mfukoni. Shabani alikuwa juu, hakujua. Sikumwambia, kwa sababu nilijua angesema nini.

Kabla ya saa sita nilisikia njaa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na spaza, kiduka cha mtaani, iliyouza magwinya, yale maandazi ya huku. Nikatazama juu, Shabani yuko kwenye taa yake, anafungua skrubu. Nikajiambia dakika tatu. Sikumshusha. Sikumwita hata. Nikavuka.

Ningerudi baada ya dakika tatu, Furaha, namwomba Mungu uniamini katika hilo. Lakini pale mlangoni mwa spaza alisimama mwanaume mmoja na simu sikioni, na alikuwa anasema Mashi. Hakuwa anasema Kiswahili wala Kifaransa. Alikuwa anasema lugha ya mama yangu. Nilikuwa sijaisikia kwa mdomo wa mtu mgeni tangu nilipoondoka nyumbani. Mama yako ni mtu wa Uvira, tunaongea Kiswahili, unajua. Nilisimama pale na karatasi ya magwinya mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Alipomaliza simu nikamsalimia. Akacheka, akanishika mkono, akaniuliza mimi ni wa kwa nani. Tukataja vilima. Tukataja soko. Akamtaja mwanamke mmoja muuza jibini ambaye na mimi nilinunua kwake nilipokuwa mdogo. Sikujua tuliongea muda gani; baadaye waliniambia dakika ishirini. Jina lake sikumwuliza, na sijamwona tena.

Kilichonirudisha ni mwanamke msafishaji wa ghala aliyetoka mlangoni akipunga mikono yote miwili.

Nitakuambia kilichotokea, kwa sababu utakutana nacho kazini na ni bora ukijue kutoka kwangu. Shabani alimaliza taa ile, akataka kusogea kwenye nyingine. Ameutazama mkono wa mashine, mgongo wake uko upande ambako kikapu kinakwenda. Kazi ya kumwambia kuna boriti nyuma yake ilikuwa yangu. Boriti ya chuma ikamkuta mgongoni, ikamlaza juu ya vitufe vyake, na kifua chake kikakandamiza kile kijiti anachoendeshea, kwa hiyo mashine ikaendelea kumsukuma. Yule dereva wa fokolifti, ambaye nilimwona mjinga, ndiye aliyekimbia akapiga kitufe chekundu. Yeye ndiye aliyemwokoa Shabani. Hayo hayamo kwenye hadithi yetu ya mezani.

Lakini mashine ilipozimika, ikawa imezimika na mtu yuko kwenye meno yake. Wakageuka kutafuta ufunguo wamshushe, wakakuta tundu. Wakajaribu pampu ya dharura, haikuitikia, maana bila ufunguo kugeuzwa upande wa chini hata pampu haisikii. Walisimama chini yake wakimtazama. Msafishaji aliniambia baadaye kwamba mwanzoni alikuwa anaita, kisha akaacha.

Nilifika nikihema. Nikautia ufunguo, mara ya kwanza ukaanguka. Nikaugeuza, nikavuta kitufe chekundu kukiachia, injini ikakataa kuwaka. Nikashika pampu ya dharura. Na hapo, Furaha, baada ya Jumatatu zote zile za kufungwa macho, nikafanya kosa la pili. Nilibonyeza mkono ushuke. Akili yangu yote ilisema chini, chini, mlete chini. Lakini wewe unajua: mkono ulioinuka ukishuka, kikapu hakishuki tu, kinakwenda mbele pia. Nilimsukumia kwenye boriti. Akatoa sauti ambayo sitaiandika. Ndipo dereva wa fokolifti akanipigia kelele, "Mrudishe nyuma! Nyuma kwanza!" Nikaurudisha mkono ndani, ile pampu ikinguruma polepole, polepole, mpaka nikaona kichwa chake kimeachana na chuma. Kisha nikamshusha.

Mbavu zilivunjika, na mkono wa kulia haukuinuka tena kupita bega. Zipi zilivunjwa na mashine na zipi nilizivunja mimi, hakuna daktari aliyeweza kuniambia, na mimi sikuuliza.

Msimamizi wetu wakati ule alikuwa Themba. Unamjua, ndiye meneja wa yadi sasa. Alifika na gari lake mbio akanikuta nimekaa chini. Akaniuliza, "Ombeni, kwa nini ufunguo haukuwepo?"

Nilikuwa na mke na mtoto na karatasi za ukimbizi zinazopaswa kufanywa upya. Nasema hivyo ili ujue nilichokuwa nawaza. Sisemi ili unionee huruma. Nikamwambia, "Shabani ndiye aliyeniambia niwe nautoa. Aliogopa watu wasiuchezee. Mimi nilikuwa chooni dakika mbili."

"Eish," alisema Themba. "Yule mzee. Anajua sana yule." Akaandika.

Hivyo ndivyo nilivyomshusha Mzee Shabani. Kosa likawa lake kwenye karatasi. Nilikwenda hospitali mara moja tu, alikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni, hawezi kusema, akanitazama, na mimi nikazungumza nikiutazama ukuta. Ndugu zake wakaja kumchukua kumrudisha Kigoma. Siku aliyoondoka sikwenda kumuaga. Nilisema nina zamu. Sikuwa na zamu. Mwezi uliofuata Themba akanipeleka mafunzo, nikapewa kikapu cha Shabani.

Hadithi sikuianzisha mimi. Mama yako ndiye aliyeisikia kwa mke wa mfanyakazi mwenzangu, akaja ananikumbatia mlangoni. Sikumkatalia. Hilo ndilo lote nililofanya: sikumkatalia. Mwaka wa pili nikaanza kuisimulia mwenyewe.

Kuna siku moja ambayo huenda umeisahau, mimi sijaisahau. Ulikuwa na miaka minane. Ulizificha funguo za mlango kwa mchezo, ukaniambia nizitafute. Nilikupigia kelele mpaka ukajikojolea pale ulipokuwa umesimama, na mama yako akanitoa nje. Hukufanya kosa lolote, mwanangu. Ulikuwa unacheza. Nilipaswa kukuambia siku ile ile, nimechelewa miaka kumi na tatu.

Baada ya ibada yako ya shukrani sikuweza kula. Nikatafuta namba ya Kigoma kwa Watanzania wa Jeppestown, ikanichukua wiki nzima. Alipokea mwenyewe. Sauti ni ile ile, kubwa, lakini sasa inapumzika katikati ya maneno.

"Mzee, ni mimi Ombeni. Wa Joburg."

Kisha akasema, "Nasikia."

Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Ufunguo, spaza, yule mtu wa Mashi, nilivyomsukuma, nilichomwambia Themba. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema:

"Nilikuona."

"Uliniona wapi, Mzee?"

"Milango ilikuwa wazi. Toka kule juu mtu anaona mpaka barabarani. Nilikuona ukivuka. Nikasema atarudi sasa hivi. Nilipobanwa nilikuwa nakuangalia, Ombeni. Ulikuwa unacheka na mtu. Nilikuwa sijawahi kukuona ukicheka hivyo."

Akaendelea.

"Karatasi waliniletea hospitali, wakanisomea ulichosema. Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto."

"Kwa nini, Mzee? Kwa nini hukukataa?"

"Mimi nilikuwa narudi nyumbani hata hivyo. Wewe wangekupeleka wapi? Na yule mtoto. Lakini usidhani sikukasirika. Miaka mingi mtu akitaja Afrika Kusini natoka nje. Nilingoja unipigie. Mwaka wa kwanza nilingoja sana."

Nikamwomba anisamehe.

"Yule binti yuko wapi sasa?" akauliza.

Nikamwambia wewe ni fundi wa mashine zile zile, unakwenda kuanza kazi Durban, bandarini. Nikamsikia akicheka kidogo, kisha akikohoa.

"Anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie yeye kwanza. Halafu nipigie tena, tuzungumze hayo mengine."

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Themba, nikamwambia. Alitoa faili la zamani kabatini, akalisoma. Akaandika upya, nikatia sahihi, akaahidi barua ya kumsafisha Shabani itatumwa Kigoma. Mimi akanitoa kikapuni. Uliponiuliza kwa nini siku hizi naondoka bila mkanda wangu wa kupandia, nikakujibu ni mgongo. Si mgongo. Nimerudi kuwa mtu wa chini. Kila Jumatatu nawafunga macho wenzangu. Naanza kwa kuwaambia nilichofanya, na kila Jumatatu sauti inanikwama mahali pale pale.

Hujaniomba ushauri, na baada ya haya sijui kama ninao. Nakuambia tu kilichonipata. Siku ile sikuwa mlevi wala mvivu, na Shabani nilimpenda. Nilikuwa nina hamu ya kwetu, basi. Nilidhani hamu ni kitu kinachomjia mtu kitandani, anapojifunika shuka. Ilinijia mchana kweupe, mtu wangu yuko juu. Durban utaikuta. Utakuwa katikati ya kazi, na nyuma yako mtu atasema neno moja kama anavyosema mama yako, na miguu yako itageuka yenyewe. Nenda, mwanangu. Nenda umsalimie, uongee naye mpaka uchoke, mtaje na vilima. Ila mshushe kwanza aliye juu.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, liseme siku hiyo hiyo, likiwa bado ni dogo kama lilivyo. Langu lilikuwa la dakika ishirini, nikalifanya la miaka.

Nitakukosa kuliko ninavyoweza kuandika. Tangu ulipopata kazi ile nimekuwa napita mlangoni kwako asubuhi nikisimama kidogo, nasikia unavyokoroma kama mjomba wako, kisha naenda kazini. Barabara ya kwenda stendi ina robot saba, zile taa za kuongozea magari. Kesho nitaomba zote ziwe nyekundu.

Barua hii sitakupa nyumbani. Nitakupa ukiwa umekaa ndani ya basi, mlango umefungwa, kupitia dirishani, kwa sababu nauogopa uso wako ukiisoma. Huo ni woga, najua, na nilitaka nikuambie na huo. Mama yako nitamwambia tukiwa tunarudi. Basi litatoka, na mimi nitabaki nimesimama pale kituoni na mkono juu, nikijua kwamba mahali fulani kabla ya milima ya Van Reenen utakuwa umemjua baba yako.

Papa yako,
Ombeni